Padri Hajalowa Miguu

Mvuvi wa Kerry, pwani ya Ireland, akikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu njiani kwenda baharini, hugeuka akarudi kitandani. Ndivyo walivyo, usiniulize kwa nini. Basi asubuhi ile Gobnait, ambaye kichwa chake ni chekundu kuliko kutu, alikuwa amejifungia chumbani na mimba yake ya miezi saba, akisemezana na mumewe kupitia ufa wa mlango, baba yake asije akaona hata unywele mmoja.

"Donncha."

"Naam."

"Usimwache peke yake huko."

"Sasa mimi nitamfanya nini? Baba yako ananiona ndama tu."

"Nakwambia usimwache. Yule mtu hajui kuogopa. Wewe unajua. Basi ogopa kwa niaba yenu wote wawili."

"Hilo sina haja ya kuombwa," akasema Donncha.

Alisema kweli. Donncha ni mtu wa Tipperary, katikati ya nchi, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni yale ya kunyweshea ng'ombe. Na hata hayo yalimtia adabu. Alipokuwa mdogo aliteleza mtoni mahali pa kunyweshea, akakaa chini kule akitazama mwanga juu yake na mapovu yake mwenyewe yakipanda, mpaka mjomba wake alipomnyakua kwa ukosi wa shati. Tangu siku hiyo haogi ila kwa kusimama. Sasa ni fundi wa mashine za kukamua maziwa, jitu refu linaloinama kila mlangoni, na kati ya nyumba zote za Ireland akaenda kuoa nyumba ambayo ukifungua dirisha la jikoni chumvi inaingia kwenye chai. Mapenzi hayo, bwana. Hayana macho.

Tangu aoe alikuwa ameikwepa bahari kwa kila hila. Leo tumbo linamkata, kesho mashine ya fulani imekwama na ng'ombe wanalia. Lakini safari hii hapakuwa na pa kukwepea. Mama mkwe wake, Nuala, alikuwa amefariki mwanzoni mwa baridi, na tangu mazishi mumewe, mzee Muiris, hakutoka nje ya uzio. Mtu ambaye miaka yote, baada ya kila dhoruba, alikuwa wa kwanza kushuka ufuoni kuangalia bahari imechukua nini na imekiweka wapi, majira haya alikaa mbele ya moto akitazama majivu. Dhoruba kubwa ya mwezi wa kwanza iling'oa paa la banda la mashua, mabati yakaruka mpaka kwenye shamba la jirani. Muiris hakunyanyua hata pazia.

Halafu jana jioni, bila kuambiwa na mtu, akapanda kiti, akashusha fimbo ya kuvulia kutoka darini, akaifuta vumbi kwa aproni ya Nuala. "Kesho ni bamvua," akasema. "Besi watakuwa wameanza kurudi. Wewe mkwe, unakuja." Gobnait akakimbilia jikoni kulia kwa furaha. Nani angethubutu kusema hapana?

Wakashuka ufuoni kumekucha vizuri, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Ya Donncha ilikuwa na mkanda wa kubana kiunoni, kwa sababu muuzaji wa dukani alimwambia ukianguka bila mkanda suruali hujaa maji. Ya Muiris ilikuwa kuukuu, ina viraka, na mkanda wake ulikuwa unafunga lango la kuku.

"Mzee, na mkanda?"

"Mkanda wa nini? Mimi siendi kanisani."

"Ukianguka je?"

"Nikianguka nitalowa. Mwanangu, hapa hatufundishani kuogelea wala kuvaa mikanda. Baba yangu alisema, kujua kuogelea ni kurefusha kufa tu. Bahari ikikutaka imekutaka. Twende."

Maneno gani hayo ya kumwambia mtu mwoga asubuhi na mapema! Donncha akamfuata.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana. Kwa bamvua la mwanzo wa machipuko, maji yanapokupwa na kujaa kuliko siku zote, bahari ya pale hurudi nyuma mpaka unaisikia tu huioni, ikiacha mchanga mtupu na harufu ya mwani. Mbele ya ufuo, sambamba nao, kuna fungu refu la mchanga ambalo huonekana siku za bamvua peke yake. Wavuvi wa besi huvuka mfereji ulio kati ya ufuo na fungu, husimama ukingoni upande wa bahari, na maji yanapoanza kujaa, besi huja nayo wakiwinda. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye miba mgongoni na mdomo mpana, na hana subira. Hataki chambo kilicholala. Anataka kitu kinachokimbia. Kwa hiyo unamtupia samaki wa bandia mwenye ndoana za pembe tatu tumboni, unamvuta kwa mshtukoshtuko kama dagaa aliyejeruhiwa, na yeye anamrukia.

Walipofika kwenye mfereji, maji yalimfika Donncha magotini. Muiris, ambaye ni mfupi, yalimpita magoti. Akasimama kidogo, akatazama huku na huku.

"Mh," akasema. "Mvua za juzi hizo."

Mwaka mwingine wowote asingesema hivyo. Mwaka mwingine angekuwa ameshapita hapo mara nyingi tangu dhoruba, angejua kwamba bahari ilikuwa imekomba mchanga wa mfereji ule na kuufungua upande wa pili, ule wa kaskazini, ambao tangu enzi za babu yake ulikuwa umeziba. Lakini mzee alikuwa na msiba. Akavuka, na Donncha akavuka nyuma yake akihesabu pumzi.

Mwisho wa fungu kulikuwa na jiwe jeusi, refu, limeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maungamo. Jina lake ni Padri.

"Msalimie Padri," akasema Muiris. "Huyo ndiye saa yetu. Padri akilowa miguu, una muda wa kuvuta kiko kizima na kwenda nyumbani bila kukimbia. Kabla hajalowa, vua na raha zako. Hajawahi kumdanganya mtu wa ukoo huu."

"Na ukungu huu?"

Maana ukungu ulikuwa unashuka. Si mzito kwanza, lakini ulikuwa umekaa juu ya mfereji, na ufuo waliotoka haukuonekana tena.

"Ukungu una nini? Sisi hatuvui kwa macho ya nyuma."

Wakaanza kuvua. Yaani Muiris alianza. Donncha alianza kufungua mafundo. Alirusha, mshipi ukamrudia usoni. Alirusha tena, samaki wa bandia akatua mchangani nyuma yake. Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo, na kusema kweli Donncha hakukasirika, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

"Unavua au unaanika nguo?"

"Mshipi huu una pepo, mzee."

"Pepo liko kwenye mikono yako. Usirushe kwa hasira. Pitisha fimbo juu ya bega, achia kidole taratibu. Tazama pale unapotaka atue, si kwenye miguu yako. Na acha kugeuka nyuma! Samaki hawako Tipperary!"

Lakini Donncha hakuweza kuacha. Kila akirusha aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na mchanga, kisha weupe. Kutoka kwenye weupe ule alikuwa akisikia kitu, sauti ndogo ya maji yanayomiminika, kama mtu aliyesahau kufunga bomba chumba cha pili.

"Mzee, nasikia maji nyuma."

"Na mimi nasikia mwoga mbele. Padri hajalowa miguu. Mtazame."

Donncha akamtazama. Padri alisimama mchangani, mkavu, hana habari.

"Twende tu, mzee. Tumeshavua."

"Tumevua nini? Umevua mwani. Rusha!"

Waswahili tunasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo Muiris hakuijua, na laiti angeijua. Donncha akarusha, lakini safari hii alikumbuka kuachia kidole taratibu, na samaki wa bandia akaruka vizuri, mbali, akatua palipovunjika wimbi. Akavuta mara moja, akavuta mara ya pili, na fimbo ikapigwa.

Nani anayeweza kueleza kitu kile? Bahari nzima ilimshika mkono. Fimbo ilipinda, gurudumu la mshipi likalia, na Donncha akapiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakuutambua.

"Amekula! Mzee, amekula!"

"Namwona! Usivute!" Muiris alitupa fimbo yake chini akaja mbio. "Usivute, nasema! Ukishindana naye mshipi unakatika. Legeza breki kidogo. Huna nguvu za kupigana na samaki na maji pamoja, hakuna mwenye nguvu hizo. Wewe mshike tu, utembee naye. Anakwenda kulia, nenda kulia. Maji yenyewe yatamleta kando."

Wakatembea na yule samaki ukingoni, bega kwa bega, mzee akiwa ameshika kiwiko cha mkwewe kama anamfundisha mtoto kuandika. Na kweli, maji yakamleta. Besi akazunguka, akachoka, akajilaza kwenye povu, mrefu kama mkono wa mtu, anang'aa. Donncha alikuwa analia na hakujua. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Furaha nayo ni mwizi. Yule mtu wa kuogopa kwa niaba ya wawili alikuwa amesahau kazi yake.

"Besi wa kwanza wa mwaka haliwi," akasema Muiris. "Lowesha mikono kwanza. Mtoe ndoana. Sasa mshike majini, tumbo chini, kichwa kielekee wimbi."

Donncha akapiga magoti. Samaki alitulia mikononi mwake, mapezi yamelala.

"Ametulia. Nimwachie?"

"Usithubutu. Akitulia hivyo ukimwachia atageuka tumbo juu, afe. Huko kutulia ndiko kufa kwenyewe. Mshike mpaka akasirike."

Wakangoja. Ghafla samaki akakaza mwili wote, akampiga Donncha mkononi kwa mkia, maji yakamrukia machoni. Akafungua mikono. Samaki alikuwa ameshakwenda.

"Nuala alikuwa anasema hapo ndipo anapomwonea mtu wivu," mzee akasema polepole. "Mtu aliyeshika kitu kinachotaka kuishi." Akafuta pua kwa mkono. "Haya, tupige mmoja zaidi."

Donncha akasimama, akageuka nyuma. Mchanga haukuwepo.

Fungu lilikuwa limebaki kama upana wa barabara ya kijijini. Zaidi ya hapo kulikuwa na maji ya kijivu, yanakwenda mbio, yametoka kaskazini ambako hayakuwa na ruhusa ya kutoka, yamebeba mwani na povu. Akamshika Muiris begani, akamgeuza.

Mzee alitazama maji. Kisha akamtazama Padri. Padri alisimama palepale, miguu mikavu kabisa. Akayatazama maji tena, na Donncha akaona kitu ambacho hakupata kukiona usoni mwa mtu yule, na ambacho kilimtisha kuliko maji: mzee alikuwa hajui la kufanya.

"Haiwezekani," akasema Muiris. "Mfereji umefunguka upande wa juu. Dhoruba ile. Mimi sikushuka kuangalia. Mungu wangu, sikushuka."

"Mzee, tunafanyaje?"

"Sikushuka hata siku moja..."

"Mzee!"

Hapo Muiris akazinduka. "Tunavuka. Sasa hivi. Kila tukisema neno yanapanda. Wewe ni mrefu, tangulia. Nitakushika mkanda kwa nyuma. Usinyanyue miguu, iburuze. Ukiona yamefika shingoni usisimame, ukisimama umekwisha."

"Siwezi."

"Donncha." Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile amemwita kwa jina. "Una mtoto anakuja. Ingia."

Akaingia. Baridi ilipita kwenye mpira ikamshika mapaja, kiuno, kisha ikamkaba mbavu hata pumzi zikakataa kushuka. Maji yalimsukuma ubavuni bila kupumzika. Alikuwa ameinua fimbo yake juu kwa mkono mmoja, si kwa akili, bali kwa sababu vidole vilikuwa vimeganda juu yake. Mbele hakuona ufuo, aliona weupe. Mgongoni alisikia uzito wa mzee kwenye mkanda, na uzito ule ndio uliokuwa unamwambia kwamba bado yu hai. Maji yakamfika kifuani. Yakamfika makwapani. Alikuwa anasali kwa sauti, sala za utotoni, amezichanganya zote.

Kisha akasikia maji yanaingia mahali, gub, gub, kama debe linalozamishwa kisimani. Ilikuwa suruali ya Muiris. Mkanda ukavutwa kwa nguvu, Donncha akayumba, mguu mmoja ukaachana na mchanga, na kinywa kikajaa chumvi.

"Mzee, unanizamisha!" akapiga kelele.

"Najua," sauti ikasema nyuma yake, shwari kabisa. "Nenda, mwanangu."

Na ule uzito ukaondoka.

Mtu aliyegeuka nyuma asubuhi nzima, sasa hakugeuka. Hakuthubutu. Aliburuza miguu akilia kama ndama, akaburuza, mpaka maji yakashuka kifuani, kiunoni, magotini, na akaanguka kwa mikono juu ya mchanga wa ufuo. Hapo tu ndipo alipogeuka.

Muiris alikuwa anapita. Maji yalikuwa yanambeba sambamba na ufuo, chali, koti limejaa hewa begani, uso juu, si mbali, mahali ambapo ungeweza kutupa jiwe likafika. Mfa maji haachi kutapatapa, wote tunajua. Huyu hakutapatapa. Mikono yake ilikuwa imelala majini kama ya mtu aliyelala kitandani kwake, macho yamefunguka, yanatazama ukungu. Alipita hivyo, kimya, na Donncha akaelewa. Mzee hakushindwa. Alikuwa ameacha.

"Muiris! Piga miguu! Piga miguu, mzee!"

Mzee hakugeuza hata kichwa.

Kuingia tena majini asingeweza. Wangekwenda wote wawili. Akakimbia kando ya maji, akiita, na katika kukimbia kitu kikamgongagonga usoni. Samaki wa bandia, ananing'inia kwenye ncha ya fimbo. Bado alikuwa ameishika.

Akarusha. Akarusha kwa hasira, kwa hofu, kwa kila kosa alilokatazwa, na samaki wa bandia akatua karibu na miguu yake. Ilibidi azungushe gurudumu kuurudisha mshipi wote uliomwagika, na vidole havikunjiki, na mzee anakwenda, ukungu unaanza kumla miguu. Donncha akakimbia tena, akampita, akasimama. Pitisha juu ya bega, akajiambia kwa sauti. Achia taratibu. Tazama pale unapotaka atue. Akalitazama lile koti. Akaachia.

Samaki wa bandia akatua upande wa pili wa kifua cha Muiris. Donncha akavuta, na ndoana zikashika. Fimbo ikapinda. Gurudumu likalia.

Kila mfupa mwilini mwake ulimwambia vuta! Vuta, mlete, vuta! Na mshipi ule, mwembamba kuliko uzi wa kiatu, ulikuwa umeanza kuimba. Legeza breki. Akalegeza. Hakuna mwenye nguvu hizo. Tembea naye. Akatembea. Mzee akienda, naye anakwenda, ameikaza fimbo tu, havuti, anaomba Mungu na Mama wa Mungu na hata jiwe la Padri. Mara mshipi ulilegea akadhani umekatika; kumbe mwili ulikuwa umezunguka. Ukaanza kuja kando. Maji yenyewe yalikuwa yanamleta, polepole, upinde mrefu, mpaka kwenye maji mafupi ambako visigino vya mzee viligusa mchanga vikachora mistari miwili.

Donncha akatupa fimbo, akajitupa majini. Akamkamata kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, akaketi naye hapohapo kwenye maji ya kiunoni kwa sababu suruali ile iliyojaa haikuburuzika. Ndoana moja ilikuwa imeshika ukanda wa bega wa suruali. Nyingine ilikuwa imezama kwenye nyama ya kiganja cha mzee, na damu ilitoka kidogo tu, kwa baridi.

"Mzee. Mzee Muiris. Nisemeshe."

Muiris akakohoa maji, akafumba macho.

"Ungeniacha tu," akasema. "Baridi ilikuwa imeshaisha."

"Usiseme hivyo."

"Niachie, mwanangu. Nenda kwa mkeo. Mimi nakaa hapa kidogo, nipumzike."

Sauti ilikuwa ya upole sana, na ule upole ulimtia Donncha hofu ambayo mfereji haukumtia. Mwili wa mzee ulikuwa mzito, umetulia, hautetemeki hata. Maji yalikuwa yanapanda yakiwalamba vifua. Ukungu umewazunguka, hakuna nyumba, hakuna mtu, na mahali fulani nyuma ya matuta Gobnait ameketi na nywele zake nyekundu, anangoja watu wawili.

"Niachie."

"Sikuachii."

"Nimechoka, Donncha."

"Choka. Sikuachii." Akamkaza zaidi, akamtikisa. "Amka, mzee mpumbavu wewe! Padri wako mwongo! Mkanda wako uko kwa kuku! Umeniingiza majini mimi, mimi! Halafu unataka kulala? Nitamwambia nini Gobnait? Niambie! Nitamwambia nini?"

Kichwa cha mzee kikalalia bega lake. Donncha akapitisha mkono mbele amkumbatie vizuri, akakishika kile kiganja, na ndoana ikageuka ndani ya nyama.

Mwili mzima wa Muiris ukakaza.

"Mkono wangu!" akanguruma. "Mkono wangu, punguani wewe!" Kiwiko kikarudi nyuma kikampata Donncha puani, pwaa, damu ikamwagika. "Niachie! Mtoto wa ng'ombe! Nani kakufundisha kushika mtu hivyo? Niachie nisimame, nitakuvunja hiyo shingo!" Na miguu ile, imejaa maji, ikaanza kupiga, inapiga mchanga, inapiga povu, inampiga Donncha mapajani, maji yakaruka mpaka machoni.

Ndipo Donncha akafungua mikono.